Nilimshika Mwalimu Mkono Akasaini Asichokijua

Nilimwibia kipofu jina lake. Ndiyo, mimi. Hakuna aliyenishikia panga, wala shetani simsingizii. Siku ile shetani angechelewa kidogo angekuta kazi imeshafanyika.

Jina langu sitaliandika. Watu wa Koboko watakaosoma hadi mwisho watanijua, na wanijue tu! Nimechoka kuitikia salamu za watu huku jambo hili linanikaa tumboni. Nakwambia wewe kwa sababu hunijui na hutaniangalia usoni.

Kazi yangu ilikuwa kukusanya watu. Mtu akitaka kufanya warsha Arua au Koboko, miji yetu ya Nile Magharibi, iwe ya malaria, ya kupanda miti, ya haki za wajane, alinipigia simu mimi. Nawajua walimu, wauguzi, wauza simu, masheikh, makatekista. Nikisema njooni, wanakuja, tena mapema.

Na warsha huku kwetu ina desturi zake. Ukishakaa, karatasi inaanza kupita. Ya kwanza ni ya mahudhurio. Ya pili ni ya chakula. Ya tatu ni ya nauli ya kurudi kwako. Mtu mzima na akili zake anasaini mara tatu bila kusoma hata neno moja, huku anaongea na jirani yake habari za mihogo. Asome nini? Karatasi ni zile zile kila siku, na anayezipitisha ni mimi, binti yao.

Hapo ndipo nilipopitia. Hao watu hawakuwa wajinga, waliniamini mimi.

Sasa nikueleze habari za mwalimu wangu. Nitamwita Mwalimu Siraji, ingawa silo jina lake. Alinifundisha darasa la tano pale Koboko, na nyumba yake imepakana na ya mama yangu. Baba yake na babu yangu walikuwa askari pamoja, kwa hiyo nyumbani kwao na kwetu Kiswahili ni kile kile cha kambini, kinachotoka kwa amri hata mtu akiomba chumvi.

Mwalimu alipoteza macho akiwa tayari mtu mzima, kwa presha ya macho. Ilianza pembeni, ikaja katikati, ikamaliza. Shule ikamwambia apumzike. Miaka ile alikaa kwenye baraza ya nyumba yake akisikiliza redio, na mkewe, Mama Zubeda, akiniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee siku hizi haongei.

Aliyemtoa pale barazani ni msichana mmoja fundi wa kompyuta wa Arua, nitamwita Candiru. Ana kibanda chake cha kutengeneza mashine, mikono yake haikauki vumbi la kompyuta za watu. Alimwekea mwalimu programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Unabonyeza, inasema. Unaandika herufi, inaitaja.

Programu yenyewe ilikuwa huria. Usiogope neno, hata mimi si fundi. Kuna programu za kampuni: unalipia leseni kila mwaka na huruhusiwi kuchungulia ndani. Na kuna programu huria: maandishi yake ya ndani yako wazi, fundi yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha, na kumgawia mwenzake bure. Basi.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Ile sauti ilikuwa inatamka majina yetu vibaya mpaka aibu. Mwalimu akacheka hadi akashika mbavu.

"Candiru! Hii mashine yako inasema Koboko kama mutu anapiga chafya!"

"Ngoja mwalimu, mimi nafungua ndani, nafundisha yeye," Candiru akamjibu.

Na kweli akafungua ndani, akaifundisha Koboko, akaifundisha Adumi, akaifundisha majina ya Kilugbara na ya Kikakwa, moja baada ya jingine. Wiki mbili baadaye ilikuwa inasoma majina ya wanafunzi wote wa darasa la sita. Shule ikamrudisha mwalimu kazini. Watoto wanaandika majibu yao kwenye kompyuta ya shule, yeye anasikiliza kwa spika za masikioni, anasahihisha. Nakwambia yule mzee alianza kutembea kama amepewa cheo! Mama Zubeda alinunua shati jipya la kumvalisha.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Usije ukasema sikujua.

Sasa akaja bwana mmoja kutoka Kampala. Nimwite Bwana Roni. Kijana safi, viatu vyake havikushika vumbi la Arua hata siku moja, sijui aliwezaje. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wakubwa akiwashawishi kwa niaba ya kampuni moja ya programu za leseni. Akanialika chakula cha mchana hotelini, akaniagizia samaki mzima, akaniita madamu.

Akanieleza hivi. Kulikuwa na kamati, sitaitaja, inayozunguka kukusanya maoni juu ya kanuni mpya. Kanuni ilitaka shule na vituo vya afya vya serikali vitumie kwanza programu huria, na za kampuni zije pale tu huria inaposhindwa. Kampuni yake haikupenda.

"Madamu, sisi tukisema, kamati itasema hawa wanatetea biashara yao," akaniambia. "Lakini wananchi wakisema, nani atabisha?"

Nikamwambia wananchi wa huku hawana habari na mambo hayo.

"Ndiyo maana tuko na wewe," akasema, akatabasamu. "Fikiria. Programu isiyo na mwenyewe, ikiharibika utamshika nani shati?"

Maneno hayo yaliniingia, sitakataa. Na mimi nikajiambia labda anasema kweli, kitu cha bure kina walakini. Lakini usidhani ndiyo sababu. Sababu ni kwamba alitoa mfukoni kadi iliyopigwa chapa jina langu, jina langu kamili, na chini yake: Mratibu wa Kanda, Nile Magharibi. Zilikuwa kadi mia kwenye kiboksi. Alikuwa ameshazichapa kabla sijakubali!

Wewe hujui miaka niliyozunguka na madaftari ya watu, warsha ikiisha na mimi nimeisha, nikisubiri simu ya warsha nyingine. Wenzangu niliosoma nao wana ofisi, wana muhuri. Mimi naitwa "yule mama wa karatasi". Nilishika ile kadi nikaisoma mara tatu pale mezani huku samaki anapoa.

Nikauliza nifanye nini. Akasema niitishe warsha, jina lake usalama wa kompyuta, na watu wasaini.

"Wasaini nini?" nikamuuliza.

"Wewe si ndiye fundi wa karatasi?" akasema.

Akanielewa nami nikamwelewa. Nilifanya karatasi ya nne. Haikuwa na kichwa juu. Mistari tu: jina, mahali pa kazi, namba ya simu, saini. Maombi yenyewe yalikuwa yamekwisha andikwa Kampala, yakisubiri majina ya kubandikwa nyuma yake.

Warsha ikafanyika Arua, asubuhi. Ukumbi ulijaa. Alikuwepo Alioni, muuza simu wa sokoni Inde. Alikuwepo Sista Letia, muuguzi wa kituo cha afya kule Adumi. Walimu wa Mvara walikuja kwa miguu wakajaza mistari miwili ya mbele. Na Mwalimu Siraji akaja kutoka Koboko na taksi ya alfajiri, na lile shati lake, kwa sababu nilimwalika mwenyewe. Kwa nini nilimwalika? Nimejiuliza mpaka kichwa kimeuma. Nadhani nilitaka aone, samahani, nilitaka asikie kwamba nimekuwa mtu.

Katikati ya mambo mwalimu akasimama akaomba kuuliza.

"Mimi natumia programu ya bure, inanisomea. Bila yeye mimi si mwalimu. Sasa nauliza, hii maneno ya usalama, mnataka kusema ile yangu iko mbaya?"

"Hapana mzee, yako haina shida kabisa," Bwana Roni akamjibu. Watu wakampigia mwalimu makofi. Hata mimi nilipiga.

Karatasi zikapita. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwalimu alikaa kati ya Alioni na Sista Letia. Kila karatasi ikimfikia nilikuwa naenda kumshika mkono, naweka peni kwenye mstari, naye anaandika jina lake kwa mwandiko ule ule wa ubaoni nilioujua tangu utotoni. Ikafika ya nne. Nikamshika mkono.

Akasita. "Binti yangu, tumesaini tatu. Hii ya nne iko ya nini?"

"Ya ofisi tu, mwalimu."

"Haya. Weka mukono yangu pale kwa mustari."

Nikauweka. Akaandika, akampitishia Sista Letia peni. Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu, na mimi nilikuwa natokwa na jasho kama mgonjwa.

Hivyo tu! Haikuchukua hata nusu dakika.

Kamati ilipokuja Arua kusikiliza maoni, niliingia na Bwana Roni nimevaa gauni jipya. Candiru naye alikuwepo na wenzake watatu, vijana wa kompyuta, wamekuja kutetea ile kanuni. Alizungumza vizuri sana. Alieleza habari za mwalimu mmoja kipofu wa Koboko na jinsi programu ilivyofunguliwa ikafundishwa majina ya watoto. Mwenyekiti akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Ninyi mko wangapi?"

"Tuko wanne," akasema.

Mwenyekiti akaangalia fungu la karatasi nililoweka mezani kwake, kurasa na kurasa za saini, akatikisa kichwa kwa huruma. Nikamwona Candiru anakaa chini taratibu. Ndani ya lile fungu jina la mwalimu aliyekuwa akimtaja lilikuwa upande wa wanaopinga, na ni mimi peke yangu ukumbini niliyejua. Nikanywa maji.

Najua si orodha yangu peke yake iliyofanya kazi. Bwana Roni alikuwa na wenzake wengi, na walikaa na wakubwa ambao mimi sitawaona maishani. Lakini ripoti ilipotoka ilisema Nile Magharibi wananchi wenyewe wamekataa, na kiambatanisho kilikuwa changu. Kanuni ikageuzwa kichwa chini. Shule zikaambiwa zitumie programu za kampuni iliyosajiliwa, yenye mkataba, na kitu kingine kisiingizwe ndani bila idhini.

Kampuni ikaleta kompyuta mpya shuleni kwa Mwalimu Siraji. Zawadi! Kulikuwa na keki. Mimi ndiye niliyeshika upande mmoja wa utepe uliokatwa. Lori lililoleta mpya likaondoka na zile kuukuu, na ile sauti ya mwalimu ikaondoka humo humo, na majina yote ya watoto.

Candiru akaja kumwekea tena. Mashine ikamuuliza neno la siri la msimamizi, na msimamizi yuko Kampala. Wakapiga simu. Wakaambiwa kuna programu ya kusomea vipofu, ya leseni, shule iandike barua ya maombi. Shule ikaandika. Mpaka leo naambiwa barua inashughulikiwa. Candiru alimtafutia mwalimu mashine kuukuu ya nyumbani, lakini kazi za wanafunzi zinakaa ndani ya zile mpya, na hazikubali flashi ya mtu.

Kwanza walimpa mwalimu mwenzake wa kumsomea. Mwenzake akachoka. Mwishowe darasa la sita likachukuliwa na mwingine, na Mwalimu Siraji akapewa kiti karibu na ofisi, eti awape watoto nasaha. Mama Zubeda akaniambia kwa simu kwamba mzee amerudi kwenye redio yake. Nilikuwa ofisini kwangu, chumba kimoja nilichopewa na kampuni, chenye kiti kinachozunguka, boksi la kadi mbele yangu. Nilikata simu nikalia mpaka kamasi. Halafu nikanawa uso nikaendelea na kazi. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku moja mwalimu akanipigia mwenyewe. Akasema Candiru amepata nakala ya ile ripoti na viambatanisho vyake, amempa dereva wa taksi aiwahishe Koboko, naye hana wa kumsomea, maana mashine yake haisomi karatasi. Mama Zubeda anasoma Kurani tu.

"Wewe uko na macho na unajua watu yote," akasema. "Kuja unisomee. Nataka kujua nani walikataa. Niende niongee na wao, mumoja mumoja. Labda hawakuelewa."

Ningeweza kusema naumwa. Nilikwenda. Nilijiambia nikishika ile karatasi mimi, angalau haitasomwa na mwingine. Unaona akili ya mwizi?

Ilikuwa asubuhi. Mama Zubeda alikuwa anachekecha unga pale pale barazani, chai imewekwa. Mwalimu alinipa bahasha. Nikaanza kusoma majina, naye anaitikia. Huyu namjua. Huyu sijui kwa nini amekataa, mtu mzuri. Nikamsoma Alioni wa Inde. Macho yangu yakaona mwandiko wa ubaoni. Nikauruka, nikamsoma Sista Letia wa Adumi.

Nikaendelea na majina mengine mawili, matatu.

"Rudi kidogo. Baada ya Alioni iko nani?"

"Sista Letia, mwalimu."

"Soma tena."

"Alioni. Sista Letia."

Akaweka kikombe chini. "Ile siku ya woksopu, Alioni alikuwa mukono yangu ya kushoto. Nilisikia yeye anakohoa. Sista alikuwa ya kulia, mimi mwenyewe nilimpatia peni. Kati ya hawa wawili nilikaa mimi. Sasa jina yangu iko wapi?"

Chekeche la Mama Zubeda likasimama.

"Soma," akasema, kwa sauti ile ile ya darasa la tano.

Nikasoma jina lake.

"Na mbele ya hii majina, wameandika nini?"

Nikasoma. Sisi tuliotia saini hapa chini, wananchi wa Nile Magharibi, tunaiomba serikali isituletee programu zisizo na mwenyewe. Nikasoma yote, sikuruka hata nukta. Yalikuwa maneno mazuri, yaliandikwa na watu waliosoma. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vyake vinagusagusa goti.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwalimu."

"Hata pale niliuliza hii ya nne iko ya nini, ulijua?"

"Nilijua."

Mama Zubeda akasema, "Ya Rabbi," akaacha unga wake akaingia ndani.

Nilikuwa tayari kwa matusi. Wallahi, nilikuwa nayataka! Mwalimu akasimama, akakosea meza, chai ikamwagika kwenye suruali yake. Nikanyoosha mkono kumfuta.

"Usiniguse," akasema. "Mama yako iko hapa jirani, sitaki asikie mimi napiga kelele na mutoto yake. Kwa hivyo toka. Toka mupole mupole."

Nikatoka na viatu mkononi, sikuthubutu kukaa kuvivaa. Mama yangu aliniona kutoka uani kwake akauliza mbona natembea pekupeku. Nikamwambia viatu vinabana.

Kule ofisini sikurudi. Kwanza nilimpigia Bwana Roni, nikamwambia ayaondoe yale majina. Akacheka kwa upole. Akasema madamu, saini si za kughushi, wamesaini wenyewe. Tangu hapo simu zangu hazipokei, na nikasikia nafasi yangu imehamishiwa mji mwingine. Kadi zangu karibu zote bado ziko kwenye boksi. Mama anazichukua moja moja kuwashia jiko.

Nilikwenda kwa Candiru kibandani kwake nikamwambia kila kitu nimesimama, hakunipa kiti. Aliendelea kufungua skrubu za mashine ya mtu. Alipomaliza akanitazama.

"Dada, mimi nilifikiri watu yetu wamenikataa," akasema. "Miezi yote hii napita kwa barabara naangalia watu, nasema, huyu alinikataa, na huyu. Kumbe ni wewe moja?"

Lakini alinisaidia kuandika barua. Barua ilisema saini zile zilichukuliwa kwa udanganyifu, na aliyedanganya ni mimi, na jina langu liko juu kabisa. Ilitaka waliosaini waandike tena, mara hii wakijua, kwamba wanajiondoa.

Nikaanza kuzunguka na boda. Alioni wa Inde nilimkuta na wateja. Akaisoma barua hadi mwisho, midomo inatembea, halafu akanirudishia.

"Nimekusikia, na Mungu akusamehe. Lakini saini? Tena kwako?" Akaita wenzake wa vibanda vya jirani. "Jamani, huyu mama anataka saini ingine!" Soko zima likacheka. Nilipanda boda huku wananicheka.

Sista Letia yeye hakucheka. Aliisoma mara mbili, akaipiga picha kwa simu, akaniuliza kama kuna karatasi nyingine chini ya hiyo. Nikamwonyesha kwamba hakuna. Akasaini. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Habari zangu zilikuwa zimenitangulia, na watu wa kule Adumi waliposikia, walikataa kujiandikisha kwa ajili ya vyandarua. Walisema hawajui majina yao yatapelekwa wapi. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza, na wengine hawakubali hadi leo.

Vyandarua! Mimi nilidhani nimeiba saini za kompyuta tu.

Kwa mwalimu nilikwenda mwisho, na Candiru akanisindikiza maana peke yangu nisingethubutu. Mama Zubeda alituletea viti bila neno. Nikapiga magoti nikaomba msamaha, na yeye akasema amesamehe, tena alisema haraka, akataka niinuke.

Nikamsomea barua. Nilisoma polepole, hata pale penye jina langu. Akasikiliza hadi mwisho. Akatikisa kichwa akakubali.

"Iko mzuri," akasema. "Sasa Candiru, shika wewe. Unisomee tena."

Candiru akaniangalia. Nikampa karatasi. Akasoma yote upya, neno kwa neno, yale yale niliyosoma mimi, na mwalimu akasikiliza kwa makini kama hajapata kuyasikia. Ndipo akaomba peni.

Hakufanya hivyo kunikomoa. Uso wake ulikuwa mpole. Ni kwamba hawezi tena kujua nikisoma kama nasoma kilichoandikwa.

Barua tuliipeleka kwenye kamati na saini chache tulizopata. Walituambia muda wa maoni umekwisha, lakini wakaipiga muhuri wa kupokelewa. Mwalimu bado ana kile kiti cha nasaha. Candiru bado anapiga simu Kampala kila wiki. Mimi nauza maandazi na mama. Warsha hakuna anayeniitia, na akiniita sitakwenda.

Basi wewe unayesoma, hasa wewe unayekusanya watu kama nilivyokuwa mimi. Ukiona mtu wa mbali ameleta maneno yaliyokwisha andikwa na anachotaka kwako ni majina tu, kimbia! Usingoje samaki aletwe mezani. Na wewe unayesaini, karatasi ikikufikia uliza ni ya nini, na usiridhike na jibu la kwanza hata kama anayejibu ni mtoto wa jirani yako.

Juzi mama yangu alinituma nimpelekee Mwalimu Siraji barua iliyotoka hospitali ikaachwa kwetu, ya habari za macho yake. Nikamkuta peke yake. Nikamuuliza kama nimsomee. Akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati.

"Asante, mutoto yangu," akasema. "Candiru anakuja Ijumaa."

Siku ile ilikuwa Jumatatu.